Chupa Nane za Fundi Rangi

Karakana, Jumatatu 3 Februari

Mpwa wangu, Daktari wa Chupa,

Marahaba kabla hujaniamkia. Boksi la barafu hilo, chupa nane kama ulivyoagiza, vifuniko nimevikaza kwa mkono wangu mwenyewe. Barua nimeiweka juu, ndani ya mfuko wa nailoni, isilowe. Dereva wa basi aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia ni dawa ya mkubwa mmoja ambaye hata nikimtaja hutalala. Akaliweka chini ya kiti chake kwa adabu zote.

Usinishukuru. Uliandika kwamba usipopata mafundi rangi wanane, Profesa wako atampa mtu mwingine utafiti. Sasa mtu mwenye mjomba kama mimi anakosaje watu? Asubuhi, kabla kompresa haijawashwa, niliwakusanya wote nikawahutubia. Nikasema, jamani, mtoto wa marehemu dada yangu anasoma mikojo. Wenzake wanasoma vitabu, yeye anasoma mikojo, na humo anaona mambo ambayo hata wake zenu hawayajui. Bonge, mnyoosha bodi wetu, akataka jina lake liandikwe kwenye chupa kwa herufi kubwa. Yule wa msasa tunayemwita Kimya alichukua chupa, akaenda, akarudi, hakutoa neno. Na wengine vivyo hivyo. Foleni mpaka mlangoni!

Chupa yangu sikwambii ni ipi, lakini ukikuta moja inang'aa kuliko zote, ndiyo hiyo. Unanijua. Miaka yote hii napuliza rangi na sijawahi kulazwa hata kwa mafua. Nimepiga rangi magari ya mabalozi, mpwa wangu. Balozi mmoja alitoa kitana akachana nywele mbele ya mlango wa gari lake, akidhani ni kioo.

Sasa nieleze, maana watu wataniuliza na mimi siwezi kusema sijui mbele za watu: hiyo protini mnayoitafuta kwenye mkojo ni ileile ya maharage na mayai? Kama ni ileile, huko imefikaje?

Andika vizuri. Barua zako nawasomea wote kwa sauti wakati wa chai.

Mjomba wako,
Bingwa wa Bunduki ya Rangi


Maabara, Jumapili 9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Chupa zimefika zote nane, bado baridi. Nimezibandika alama, R1 hadi R8. Majina hatuandiki, ndiyo sheria, kwa hiyo niombee radhi kwa Bonge.

Leo ni Jumapili lakini nimekuja kazini. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta wa jengo la pili, na ule ukuta nimeshaumaliza kuusoma. Hapa angalau friji linanguruma.

Umeuliza vizuri. Protini ya mayai na hizi zetu ni ukoo mmoja, ila kila moja ina kazi yake. Chukua kibofu cha mkojo. Kwa ndani kimepakwa tabaka la seli, zimebanana, na kinachozishikanisha ni protini ambayo mimi naiita gundi. Kuna protini nyingine naiita mkasi. Mwili unauhitaji kidogo, pengine kukata njia kidonda kinapopona, kisha unaufungia. Saratani ya kibofu ikianza hukaa juujuu kwenye lile tabaka. Ikigunduliwa hapo, daktari anaikwangua, na mtu anaendelea na maisha yake huku akichunguzwa mara kwa mara. Lakini zipo seli zinazojifunza kutengeneza mikasi kwa wingi. Gundi inakatwa, seli zinaachana, zinateremka mpaka kwenye ukuta wa nyama wa kibofu. Hapo mambo yamebadilika.

Vipande vya gundi na mikasi yenyewe huanguka kwenye mkojo. Ndivyo tunavyovitafuta, tuone kama vinaweza kutuambia nani saratani yake inatulia na nani inachimba. Mafundi rangi mmo kwa sababu kemikali mnazovuta huchujwa na figo, halafu zinakaa kibofuni zikingoja mtoke chooni. Vaeni barakoa, mjomba. Nimeshasema.

Kuna swali nilisahau kuwauliza wote: yupo mtu anayeona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu?

Mpwa wako


Karakana, Alhamisi 20 Februari

Mpwa wangu mwenye akili za kurithi kwangu,

Nimewasomea. Bonge amesema kama mwilini mna mikasi, basi ndiyo inayomchoma mgongo kila ukifika wakati wa kunyanyua injini. Mimi nimeielewa mara moja, kwa lugha yetu. Ipo kutu ya juu, unapiga msasa, unaweka puti, unapuliza, gari linaondoka likicheka. Na ipo kutu iliyokwisha kula bati, ukibonyeza kidole kinatokea upande wa pili. Si ndivyo? Nilijua. Ningepita darasa la saba, huyo Profesa leo angenibebea mkoba.

Damu hakuna hapa. Hapa kuna rangi. Na hili vitabuni hamnalo, kwa hiyo tega sikio mjomba akufundishe. Fundi rangi hukojoa alichopuliza. Tuna kazi ya mabasi mekundu, na koti la mwisho napuliza mimi, kwa sababu wengine mikono inatetemeka. Basi siku nyingine asubuhi natoa wekundu uleule wa basi, unaweza kuulinganisha na kopo. Nakunywa maziwa, siku mbili tatu imekwisha. Haiumi hata chembe. Marehemu fundi wangu, aliyenifundisha kushika bunduki, alikuwa hivyohivyo. Alikojoa magari yote ya mji huu, na hakuugua kitu. Alikonda tu, akafa.

Unasema unasikiliza friji. Mimi nimekushinda. Nimenunua redio ya pili. Naziwasha zote, stesheni mbili, wanabishana, na mimi nakaa katikati kama hakimu. Chumba kinajaa watu.

Lete majibu. Watu wanangoja kusikia walivyo wazima.

Mjomba wako,
Mwenye Mkono Usiotetemeka


Maabara, Alhamisi 27 Februari

Mjomba,

Majibu yametoka, na sijui niyaandike vipi.

Chupa zote nane zina mikasi mingi kupita kiasi. Zote nane zina vipande vya gundi. Zote nane zina damu, nimeiona kwa darubini kwa macho yangu. Rangi ya gari haikojolewi, mjomba. Wekundu ule ni damu.

Profesa anasema hajawahi kuona karakana nzima hivi. Namba zenu zimefanana kama mapacha, na yeye anaona ni kwa sababu mnavuta hewa moja. Katikati ya Machi atawaandikia wakubwa wa afya ili karakana ifungwe.

Kipimo chetu bado ni cha utafiti, kinanong'ona tu. Wa kuthibitisha ni daktari wa hospitali. Lakini hakinong'oni mara nane kwa bahati mbaya. Nakuomba uwapeleke wote, wewe ukiwa wa kwanza. Wachunguzwe kibofu ndani, wasipewe vidonge vya kupoza na kurudishwa nyumbani.

Nimewaza habari zenu mpaka nimemwaga chupa ya dawa sakafuni. Bonge mwenye mgongo. Kimya. Nawapenda watu ambao sijawaona, kwa jinsi ulivyonisimulia.

Mpwa wako

Tafadhali hii usiwasomee kwa pamoja. Mwambie kila mtu peke yake, taratibu.


Karakana, Jumatano 5 Machi

Mpwa wangu,

Nina habari njema. Watu saba ni wazima.

Ngoja nieleze, na usikasirike mpaka ufike mwisho. Wewe nawe, onyo la kutosoma kwa sauti mtu analiweka chini kabisa ya barua? Mimi husoma kuanzia juu. Chai mkononi, watu wamekaa juu ya matairi, nikaanza kwa madaha, "Majibu yametoka". Nilipofika kwenye mikasi sauti ilikuwa imeshatoka, haikuweza kurudi. Nikamaliza. Hakuna aliyemeza tonge.

Bonge aliinuka akaenda nyuma ya basi. Tulimsikia anampigia simu mkewe. Alimwaga machozi, akamwambia anakufa, na kwa kuwa anakufa akaona heri autue mzigo, akakiri kwake jambo moja linalomhusu mama muuza vitambaa. Jambo ambalo mtu mwenye afya hawezi kulikiri hata kwa kufungwa kamba.

Siku mbili nilishindwa kusema. Ya tatu nikasimama palepale nilipohutubia mwanzo, nikawaambia ukweli, na sasa nakwambia wewe.

Hakukuwa na foleni. Walikataa. Bonge alisema mkojo wake hauwezi kwenda mji ambao yeye mwenyewe hajafika. Wengine waliona bosi mwenye karakana ataujua ulevi wao. Kimya alitikisa kichwa tu. Na mimi nilikuwa nimeshakuahidi wanane. Ningeandikaje, mpwa wangu, kwamba mjomba wako, bingwa, kashindwa kupata hata mmoja? Utafiti wako upewe mtu mwingine kwa ajili ya haya za Bonge? Nikaingia chooni na chupa zote. Nilizijaza nane kwa mkupuo mmoja, na akiba nikabaki nayo. Nani mwingine wa umri wangu anaweza hilo?

Nilidhani mkojo ni mkojo. Mtu mzima akitoa nane, wote wazima nane, ndivyo nilivyopiga hesabu.

Kwa hiyo mwambie Profesa asifunge karakana. Hao saba waende hospitali wakitaka, lakini chupa zile haziwahusu. Bonge aliposikia alinikumbatia, akanibeba juu, halafu alipokumbuka simu aliyompigia mkewe akaniweka chini na kunizaba kofi. Sasa analala karakana juu ya viti vya basi, na hanisemeshi. Wengine wanamfuata yeye. Chai wananiachia kwenye kona yangu.

Ni habari njema lakini, au sivyo? Wanane wamekuwa mmoja.

Mjomba wako,
Mwenye Chupa


Maabara, Jumatatu 10 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nilicheka. Nilicheka mpaka mwenzangu akatoka chumba cha pili kuja kuniangalia, akakuta nalia, akarudi zake akafunga mlango.

Nimemwambia Profesa. Hakunifokea, ingekuwa nafuu. Alizifuta R1 hadi R8 kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, mbele yangu, taratibu, kisha akasema kwa sasa nisaidie kuosha vyombo vya maabara. Naosha. Maji ni ya moto na hakuna anayeniuliza kitu.

Hayo ni yangu, usiyachukue. Chukua haya: sasa najua kwa nini namba zilifanana. Nilikupima wewe mara nane, mjomba, na mara zote nane umejibu jambo lilelile. Katika utafiti wote huu hakuna mtu niliyempima kwa uhakika kama wewe.

Nenda hospitali. Sitaki maziwa, sitaki hotuba. Waambie umeona damu mara kwa mara, bila maumivu, na kazi yako ni rangi. Hayo matatu tu. Watajua la kufanya. Ikiwa bado iko juujuu, wataikwangua.

Niandikie siku ukitoka.

Mpwa wako


Nyumbani, Jumatano 19 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Nimekwenda! Nilivaa shati lenye kola. Walinipokea kama mgeni rasmi. Daktari mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, alinilaza kitandani, akanimulika tumbo kwa taa kubwa, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaita wenzake waje waone. Akasema, "Mzee, hiki kibofu ni cha kijana wa miaka ishirini, umekiazima wapi?" Tukacheka sote. Wakasema ni joto la kazi tu, ninywe maji.

Kwa hiyo tulia. Osha vyombo vyako kwa amani, mwambie Profesa mitambo yake ina hitilafu.

Karakana mambo yanarudi sawa. Marafiki wamenizunguka, sina hata nafasi ya kuandika zaidi.

Mjomba wako,
Kijana wa Miaka Ishirini


Chumbani, Jumatatu 24 Machi

Mjomba,

Hujaenda.

Kibofu hakichunguzwi kwa kumulika tumbo. Wanapitisha kamera nyembamba kwa ndani, na njia inayopita ni ileile inayotokea mkojo. Nakujua. Siku ile mwiba ulipokuingia kidoleni uliniandikia kurasa mbili. Ungekuwa umefanyiwa jambo lile, ningepata kitabu.

Sikulaumu. Niambie tu ni nini kilichokuzuia.

Mpwa wako


Nyumbani, Jumatano 2 Aprili

Mpwa wangu,

Umenikamata. Ungekuwa polisi ungepandishwa cheo.

Shati lenye kola lilikuwa kweli. Hospitali nilifika kweli. Dirishani palikuwa na binti wa kuandikisha watu, kama umri wako, nikamwambia yale matatu kama ulivyonifundisha. Akaacha kutafuna kalamu. Akasema nitapangiwa kipimo siku ileile, ila kwa kuwa wanakupa dawa ya kulegeza mwili, lazima uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani. Akauliza, "Baba, umesindikizwa na nani?"

Mimi huyu, ninayejulikana kuanzia stendi mpaka sokoni. Nikamwambia, "Binti yangu, nimesindikizwa na kundi zima, wako nje wananingoja." Akasema, "Basi mwite mmoja aje aandike jina." Nikasema sawa.

Nikatoka nje. Palikuwa na benchi. Nikakaa. Nikawapitia watu wangu wote kichwani, mmoja mmoja, na kila niliyemfikia nilimwona anacheka, maana wote nilionao ni watu wa kucheka nao. Wa kumwambia njoo unishike mkono, sikumpata. Bonge angekuja, lakini Bonge ndiye huyo analala juu ya viti vya basi kwa ajili yangu. Jua lilihama kutoka kwenye benchi, nikaondoka. Nyumbani nikawasha redio zote mbili, nikakuandikia ule upuuzi wa miaka ishirini.

Barua yako ya "Hujaenda" niliisoma kazini, kimoyomoyo, mara ya kwanza katika maisha yangu. Nadhani hilo ndilo lililoonekana. Siku ya pili asubuhi mlango wangu ukagongwa. Kimya. Amevaa shati, amechana nywele. Nikamuuliza, "Vipi, kuna msiba?" Akasema, "Twende." Ndilo neno alilosema siku nzima. Dirishani aliandika jina lake, na mimi ndiyo nikalijua siku ile.

Ile kamera, mpwa wangu, sitakuandikia kitabu. Kuna mambo mwanamume akishafanyiwa anakuwa mpole. Nilikiona kibofu changu kwenye kioo cha televisheni. Nilitegemea kuona kitu cha maana. Kulikuwa na kitu kama koliflawa imeota ukutani. Walikata kipande wakapeleka kupima.

Jana wamenipa majibu. Mikasi yako imefanya kazi. Kutu imeshatoka kwenye koti la juu, iko kwenye bati. Daktari ni kijana, hana mvi hata moja, na hakucheka. Wamenipima kifua na tumbo, kwingine hawajaona kitu. Anataka kukitoa kibofu chote kabla haijaenda mbali, halafu atatengeneza njia nyingine hapa tumboni, yenye mfuko wa kupokea mkojo. Nikamuuliza, "Na rangi nitapuliza?" Akasema, "Baba, tuongee kwanza habari ya kuishi."

Nimekubali. Ni Ijumaa ya tarehe 18.

Mjomba wako


Maabara, Jumatatu 7 Aprili

Mjomba wangu, shikamoo tena na tena.

Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye karo, glavu bado mikononi, karatasi imelowa pembeni.

Umekubali jambo sahihi. Wakitoa kibofu kabla seli hazijasafiri, wapo watu wengi wanaoishi hivyo kwa miaka, wanafanya kazi, wanatembea, na hujui mpaka wakwambie. Kila kipande cha kibofu nilichokuwa nikikipaka dawa hapa kilikuwa cha mtu wa namna hiyo. Naijua gundi yake, naijua mikasi yake, na sijui hata anacheka vipi. Wewe ndiye wa kwanza ninayemjua sauti.

Tangu tulipomzika mama sijakanyaga huko. Kila nikitaka kuja unaniandikia "usijisumbue, huku nimezungukwa na watu", na mimi nakuamini haraka sana. Hapa nakula nimesimama. Jirani yangu ananiita "wewe wa juu". Ukiniuliza nina nani, nami nitakwambia niko na kundi zima, linaningoja nje.

Profesa amenipa ruhusa. Hakuuliza kwa nini, alisema tu niende. Nimeshatoa begi chini ya kitanda.

Sasa nakuuliza, na nataka jibu, sitaki hotuba: nije, au nisije?

Mpwa wako


Nyumbani, Jumamosi 12 Aprili

Mpwa wangu,

Usije.

Sababu ninazo. Kwanza, safari ni ndefu na hilo basi nalijua, viti vyake vya nyuma vimelegea, bati lake nimelipulizia rangi mwenyewe. Pili, ukiondoka ghafla Profesa anaweza kuzoea kutokuwa na wewe. Tatu, mtu akitolewa kibofu si maonyesho, watu waje kutazama. Nne, nina watu. Kimya anakuja kila jioni baada ya kazi. Tunakaa. Yeye hasemi, kwa hiyo nasema zamu yangu na zamu yake. Hata Bonge juzi kanisalimia, kwa kidevu, lakini kidevu cha Bonge ni kikubwa. Mkewe amemruhusu kulala barazani. Kwa hiyo unaona mambo yanakwenda.

Hospitali wanataka mtu wa kufundishwa kubadilisha huo mfuko, kwa siku za mwanzo ambazo sitaweza kuinama. Nimewaambia nitajifunza mwenyewe, mimi ni fundi. Yule binti wa dirishani akaniangalia tu, akaacha ile sehemu wazi.

Kwa hiyo usije. Ila kwa kuwa wewe ni mbishi kama mama yako, na ubishi wenu naujua, ukikaidi basi usipotee. Usishuke kituo kile chenye kelele, wengi hudanganyika pale. Subiri cha mwisho. Fuata ukuta wa duka la vioo mpaka uishe, mlango wangu ni wa kijani. Kijani kile nimekichanganya mwenyewe, mtaani hakuna kingine. Ufunguo uko kwa mama mwenye nyumba. Nimemwambia kuna mpwa wangu msomi anaweza kufika, ingawa hafiki. Akasema, "Mzee, sema moja, anakuja au haji?" Mwanamke mkali sana yule. Nikamwambia nitamjulisha.

Kitanda cha pili nimekiokota karakana, kilikuwa chuma kitupu na kutu ya juujuu. Nimekipiga msasa kwa siku mbili, praima, ile rangi ya chini, makoti mawili, na leo nimekipulizia rangi nyeupe hapo uani. Barakoa nilivaa, usinigombeze. Kimya alishika upande mmoja tukakiingiza ndani. Kimekaa upande wa dirisha, maana uliniandikia habari ya ule ukuta wako. Hapa dirisha linaona njia, watu wanapita, unaweza kukaa ukawahesabu viatu. Redio moja nimeihamishia upande huo.

Harufu bado ipo, na rangi haijashika, ukiweka mkono utaacha alama.

Kwa hiyo usije kabla ya Jumatano.

Mjomba